Ribaundi ya Kumi na Moja

Daftari langu ni la miraba, la hesabu za darasa la nne,
na kalamu yangu ni ya wino, haina kifutio.
Kila Jumamosi uwanja wa saruji wa Kaloleni
huwa na timu mbili ndani na timu kumi ukutani.

Leo kikao ni cha Oriwo.
Fidel Oriwo, fowadi, miaka kumi na saba,
aliyerefuka likizo moja tu,
mamake akaunga suruali zake kwa kitambaa cha pazia.

"Huyu atafika," anasema Odiaga kinyozi,
aliyemwacha mteja kitini na kichwa nusu.
"Tazama mkono ule. Akiunyoosha hapa
unabisha hodi Kondele."

"Mkono!" Mudaki anacheka, fundi wa mawe, vumbi kwenye nyusi.
"Nguzo ya stima pia ni ndefu.
Umewahi kuiona ikipiga chenga?
Na ule wa kushoto ni wa kushikia chai tu."

"Dalili ya mvua ni mawingu."

"Mawingu ya wapi? Ya hapa Kisumu?
Hapa yananguruma Kano, yananyesha Nandi,
na wewe umeshaanua nguo."

Nyar Alego anapima njugu kwa kikombe cha bati,
hainui uso:
"Mwaka jana akiguswa alianguka.
Mwaka huu anaguswa, anaguna, anabaki.
Mnataka nini tena, aote mabawa?"

"Mitupo huru!" Sauti ya nyuma. "Minane, imeingia mitatu!
Muulizeni mwandishi."
Wote wananigeukia kana kwamba ni mimi niliyekosa.
Mitatu, nasema. Kwa minane.
Odiaga ananitazama kama shahidi aliyenunuliwa.

Wakapanda, wakashuka. Kocha Lijodi anamharibu.
La, Lijodi ndiye pekee anayemjua.
Apelekwe Nairobi kabla hajaoza.
Akienda Nairobi ndipo ataoza.
Samaki mkunje angali mbichi.
Huyu ameshakauka. Amekauka wapi, na ndevu hana?
Mtu mmoja, sijui hata ni nani,
akaapa kwa kaburi la nyanyake
kwamba babake Oriwo aliruka juu kuliko mwanawe
na leo anauza spea za baiskeli.
Baiskeli haina kosa,
lakini hapo pakawa kimya kidogo.

Mimi niliandika. Pointi kumi na nne. Faulo nne.
Ribaundi kumi na moja.
Hakuna mraba wa jinsi alivyovitazama viatu vyake
kabla ya mtupo wa sita.

Jioni watu wakatawanyika, kila mmoja na ubishi wake
ameufunga kwenye karatasi kama njugu za kwenda nazo nyumbani.
Kivuli kikaja kwanza, kirefu, kikalala juu ya daftari,
halafu yeye mwenyewe, taulo shingoni,
soli ya kiatu cha kulia imeshikwa kwa waya.
Nikadhani anataka pointi. Wote hutaka pointi.

"Ile ribaundi ya mwisho," akasema, "si yangu.
Aluoch ndiye aliyeupiga mpira. Mimi uliniangukia tu."

Fidel, nikamwambia, hakuna aliyeona.

"Aluoch aliona."

Nikakata mstari.
Kumi na moja bado inasomeka nyuma ya kumi,
miguu nje, kama mtu aliyejifunika shuka fupi.
Akasema asante. Akarudi kwenye kikapu kisicho na wavu,
akaanza kurusha kwa mkono wa kushoto.
Mpira ukagonga chuma. Ukagonga chuma.
Ukapita nje kabisa, akaufuata hadi mtaroni.

Jumamosi ijayo Mudaki atalifungua daftari,
atalamba kidole, atapiga ukurasa kofi:
"Mnaona? Si nilisema? Ribaundi zinapungua!"
Na watanigeukia tena, wote,
na mimi nitakuwa na njugu mdomoni.